Toboa Gita Lako

Nianze na jambo litakalowaudhi watu: kama una gita la mbao lisilo na kifungo cha mkanda pale shingo inapoungana na mwili, litoboe. Wiki hii. Usingoje mwalimu wako akubali, wala mtu wa dukani akupe baraka. Tafuta skrubu, azima drili, tia kifungo, vaa mkanda, simama upige.

Kwa wasiojua kelele hii inatoka wapi, nieleze kidogo. Gita la umeme huja na vifungo viwili vya kushika mkanda, kimoja chini kwenye kalio na kingine juu kwenye pembe. Gita la mbao, lile tunaloliita akustika, mara nyingi huja na kimoja tu, cha huko kalioni. Mengine, hasa ya nyuzi za nailoni, huja bila hata kimoja. Ukitaka kulivaa begani, una njia mbili. Ya kwanza ni kufunga kamba ya kiatu kwenye kichwa cha gita, nyuma ya pale nyuzi zinapoanzia, kisha uning'inize ncha ya mkanda hapo. Ya pili ni kutoboa tundu dogo kwenye kisigino, yaani ule unene wa mbao chini ya shingo, na kukaza kifungo kwa skrubu moja. Ni kazi ya dakika ishirini. Na kwa sababu ya hizo dakika ishirini, nimeona watu wazima wakishikwa na baridi.

"Utaliharibu." "Waranti imeisha hapo." "Halitauzika." Msee mmoja aliniuliza kwa sauti ya mtu aliye matangani, "Yaani utatia drili kwa gita?" Ungedhani nimesema nataka kumtoboa mtoto.

Tuyachukue haya mambo moja moja, maana ukiyachukua kwa pamoja yanaonekana kama hekima.

Wanasema sauti itabadilika. Sauti ya gita la akustika hutoka hasa kwenye ubao wa mbele. Nyuzi hutikisa daraja, daraja hutikisa ubao, ubao husukuma hewa. Ndiyo maana ubao huo hukwanguliwa ukabaki na unene wa milimita tatu hivi. Sasa tazama kiwanda kimeufanyia nini. Kimekata katikati yake tundu la duara ambalo mkono wako unapita. Kwenye daraja kimetoboa matundu sita ya vigingi vya nyuzi, yote yakapenya mpaka ndani. Kichwani kimetoboa mengine sita ya vile vyuma vya kukazia nyuzi. Kalioni kimetoboa jingine moja la kifungo cha nyuma. Hayo ni matundu kumi na manne, na hujawahi kulalamika hata siku moja. Ati la kumi na tano, tena kwenye kisigino, ambako mbao ni nene na haitikisiki ya kutajika, ndilo litakaloua sauti? Tuheshimiane.

Wanasema mbao itapasuka. Hiyo ni hofu ya haki, nitairudia, kwa sababu ina dawa.

Wanasema waranti. Duka lililoniuzia gita langu, ambalo sitalitaja, lilinipa risiti ya kuandikwa kwa mkono yenye mhuri uliofifia. Nilipouliza kuhusu kutoboa, muuzaji aliinua kidole akaniambia nitapoteza waranti. Nikageuza ile risiti nione waranti yenyewe imeandikwa wapi. Kwa nyuma palikuwa na maneno mawili: bidhaa hairudishwi. Kama yako ni ya kweli, yenye masharti na mahali pa kupeleka gita likiharibika, isome na uiheshimu kwa muda wake. Lakini usilinde kitu ambacho hukupewa.

Halafu wanasema bei. Hapa ndipo penyewe, na hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu hofu ya tundu haijawahi kuwa hofu ya sauti. Ni hofu ya mnunuzi. Kuna mtu mmoja, hana jina wala sura, ambaye siku moja atakuja kulinunua gita lako. Yeye ndiye unayemwekea. Hutoboi kwa ajili yake. Huligusi likiwa limechakaa kidogo hapa, hulitoi nje kukiwa na vumbi, huliazimishi kwa rafiki. Unalipa wewe, unalibeba wewe, na mwenyewe ni yeye.

Tulijifunzia wapi tabia hii? Mimi nadhani tulijifunzia kwa ploti. Sisi ni watoto wa nyumba za kupanga. Sheria ya kwanza ya keja, kabla ya maji na kabla ya stima, ni kwamba hakuna kupigilia msumari. Ndiyo maana ukiingia kwenye bedsita ya mtu Nairobi utakuta kioo kimeegemezwa sakafuni, kalenda imeshikwa kwa selotepu inayoachia kila kukiwa na joto, na picha ya graduesheni imelala juu ya friji. (Yangu haipo, niliacha chuo mwaka wa tatu, lakini hiyo ni makala nyingine.) Siku ya kuhama, keateka anapita na ukuta polepole kama daktari wa macho, na kila alama anayoiona inakula dipositi yako. Tumeishi hivyo miaka mingi mpaka mikono yetu imezoea kutoacha alama. Shida ni kwamba tumeihamisha ile sheria ya landilodi tukaileta hadi kwenye vitu tulivyonunua kwa pesa zetu wenyewe.

Na haikuanza na sisi. Wengi wetu tumekulia nyumba yenye kabati la vioo lenye vikombe ambavyo wenyeji hawanywei. Vya wageni. Wageni wenyewe wakija ni mara mbili kwa mwaka. Kochi limevishwa vitambaa ili kitambaa chake kisichakae, na rimoti ya televisheni imebaki ndani ya nailoni iliyokuja nayo, mpaka vitufe vikafutika humo humo ndani ya nailoni. Simcheki mama. Vikombe vile vilinunuliwa kwa pesa ya chama zamu yake ilipofika, baada ya kungoja wanawake wengine kumi na mmoja. Mtu aliyengoja hivyo ana haki ya kuogopa kikombe kuvunjika. Umaskini unafundisha kutunza, na somo hilo limeokoa familia nyingi. Lakini lina upande wa pili ambao hatuusemi: unaweza kutunza kitu mpaka ufe bila kukitumia, na watu waje matangani kwako ndipo hatimaye wanywee vile vikombe.

Tazama sasa watu wanaokula kwa vyombo vyao. Mtu wa boda akichukua pikipiki mpya, nyingine ingali na nailoni kwenye kiti, safari ya kwanza mara nyingi ni kwa fundi wa kuchomelea. Anawekewa keria. Anawekewa vyuma vya kukinga miguu. Anawekewa mwavuli mrefu wa kuzuia jua na mvua. Vinatobolewa, vinachomelewa, vinakazwa. Na pikipiki yenyewe mara nyingi ni ya mkopo, bado anadaiwa kila siku! Hakuna anayemsimamisha barabarani kumwambia, "Buda, umeshusha bei." Bei gani? Anajua pikipiki isiyo na keria haibebi gunia la viazi, na isiyobeba gunia haimalizi mkopo. Kwake thamani ya chombo ni kazi kitakayofanya leo. Matatu ni hivyo hivyo: lori linakuja kama kichwa na chesi, mwili unajengewa hapa hapa, kisha linachorwa mpaka likose pa kuchorwa. Jiji zima linatembea kwa vitu vilivyotobolewa, halafu wewe unaogopa skrubu moja.

Watakuambia muziki ni tofauti, gita ni kitu cha heshima. Sawa, twende kwenye muziki.

Wapigaji wa omutibo wa Magharibi mwa Kenya, mtindo unaohusishwa sana na George Mukabi aliyefariki mwaka 1963, waliichukua chupa ya Fanta yenye mifereji wakaikwaruza kando ya gita, ikawa ala. Hakuna aliyeandikia kampuni ya soda kuomba ruhusa. Wapigaji wa rumba wa Kongo walitaka gita la katikati liwe na mlio mwembamba, basi wakautoa uzi wa nne ambao kiwanda kilikusudia uwe mnene, wakatia mwembamba uliopandishwa oktavu nzima. Huo ndio mi-composé, na bila huo rumba nyingi unazozipenda zingekosa ule mchekecheke wa kati. Na nyatiti je? Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, oduong'o, akaigonga kwenye mbao ya ala wakati vidole vinacheza nyuzi nane. Chuma juu ya mbao, wimbo baada ya wimbo. Alama zinazobaki hapo hakuna anayeziita uharibifu, kwa sababu mdundo unatoka hapo hapo.

Hata huko yanakotoka magita haya, mambo si kama unavyoambiwa dukani. Willie Nelson wa Marekani ana gita la Martin N-20 la nyuzi za nailoni ambalo amekuwa nalo tangu mwaka 1969, na amelipa jina la Trigger. Aina ile haikukusudiwa kupigwa kwa kipiki. Yeye alilipiga hivyo hivyo mpaka ubao wa mbele ukaliwa ukatoboka, tundu la pili kando ya lile la kiwanda. Juu yake watu wameandika sahihi zao. Mtu wa dukani kwetu angelikataa hata kwa bure. Mwenyewe hajalibadilisha, na ni kati ya magita yanayojulikana zaidi duniani.

Sisemi kuketi ni dhambi. Mpiga nyatiti huketi kwenye kigoda chake na hakuna anayemwonea huruma. Gita la klasiki pia limejengwa juu ya kuketi, mguu mmoja umeinuliwa, na mkao ule una sababu zake. Ninachopinga ni kuketi kwa lazima, kwa sababu tu kitu kimoja cha chuma kinakosekana.

Maana gita lisilo na mkanda linakufunga kwenye kiti. Fikiria ni wapi hapa kwetu muziki unapigwa watu wakiwa wamesimama au wakitembea. Harusi, mnapomtoa bibi harusi kwao, mnatembea naye mkiimba. Mazishi, msafara unapotoka nyumbani kuelekea kaburini. Kesha la vijana kanisani saa nane za usiku, wakati viti vimesukumwa ukutani na watu wanaruka. Jukwaa la wazi mtaani lenye maikrofoni moja, na stendi yake imekwama kwenye urefu wa mtu aliyesimama. Kote huko mtu wa gita la mbao anaomba kiti. Kikipatikana, ni kile cha plastiki chenye mikono, na ile mikono inagonga mwili wa gita. Asipopata anainua goti juu ya spika, anapiga kwa mguu mmoja kama korongo. Baada ya mwaka wa hivyo anaacha kwenda. Anapiga chumbani peke yake. Baadaye hata chumbani hapigi, gita linapanda juu ya kabati, na vumbi linalala juu ya begi lake. Nimeyaona magita ya namna hiyo katika nyumba nyingi kuliko niliyoyaona mikononi mwa watu, na karibu yote ni mazima kabisa, hayana hata mkwaruzo.

Na wengi wanaoanza wanauziwa umbo kubwa linaloitwa dreadnought, ambalo Martin waliwatengenezea Ditson mwaka 1916 na kulipa jina la manowari ya Uingereza. Ukiwa mdogo wa mwili, kulishika umeketi ni kama kukumbatia mtungi: bega la kulia linapanda, mgongo unapinda. Mkanda unalishika wewe ukiwa wima. Wasichana wengi wameambiwa hawana mikono ya gita, na shida yao yote ilikuwa pa kufungia mkanda.

Ile kamba ya kiatu kichwani je? Inafanya kazi, sikatai, na wapo wakali wanaopiga hivyo miaka nenda miaka rudi. Lakini inapita karibu na mkono wako wa kushoto pale pale unapotaka kushika kodi za mwanzo, na kichwa cha gita kinavutwa upande ambao hukutaka. Jaribu zote mbili. Ukiipenda kamba, baki nayo. Usibaki nayo kwa woga tu.

Kuna magita ambayo hata mimi nakwambia usitoboe. La zamani sana ambalo fundi anayejua amekuambia ni adimu, liache. La kanisa si lako. Peleka ombi kwa wazee, na wakikataa, wamekataa. La kuazima, la marehemu ambalo familia bado haijakubaliana, la shule, hayo yote yana wenyewe. Hoja yangu ni kuhusu kitu chako, ulichokilipia, ambacho unakitumia au ungependa kukitumia.

Sasa ile hofu ya haki, ya kupasua mbao. Dawa yake ni kufanya kazi polepole.

Kwanza, chungulia ndani ya tundu la sauti kwa tochi ya simu. Magita mengi ya siku hizi yameungwa shingo kwa bolti, na bolti hiyo hupita katikati ya kisigino. Ukiiona, jua mstari wa katikati haugusiki. Mahali pazuri kwa magita mengi ni ubavuni mwa kisigino, upande unaoelekea sakafuni ukilivaa, penye mbao nene, mbali na ukingo. Ukikiweka kifungo mgongoni mwa kisigino, gita hupenda kuinamia mbele.

Chukua skrubu, ipitishe kwenye kifungo, tazama kinachobaki nje. Hicho ndicho kitakachoingia kwenye mbao, mara nyingi sentimita moja na nusu hivi. Pima kina hicho kwenye ncha ya drili na uzungushie tepu hapo, ili uone pa kuishia. Unene wa ncha ya drili ulingane na mwili wa skrubu ukiacha meno yake. Inua vyote viwili mbele ya mwanga, kimoja nyuma ya kingine, uone. Ncha nyembamba mno, skrubu itapasua mbao au ikatikie ndani, na kuitoa hiyo ndiyo kazi. Ncha nene mno, skrubu itaogelea. Bandika tepu ya karatasi juu ya vanishi, tia alama kwa msumari, anza polepole bila kuegemea, drili ikiwa imenyooka. Ukifika kwenye tepu, simama. Paka meno ya skrubu nta ya mshumaa. Weka kipande cha kitambaa kizito au ngozi kati ya kifungo na mbao, kisha kaza kwa bisibisi ya mkono. Si drili. Mkono unasikia mbao ikikataa, mashine haisikii. Ikishika, acha, usitafute robo nyingine ya kukaza.

Kama mkono wako unatetemeka, yuko fundi seremala mtaani kwako anayetengeneza vitanda na anajua kutoboa mbao ngumu kukuliko wewe. Kaa hapo naye. Mwonyeshe bolti iko wapi, mwonyeshe alama yako, mwambie kina. Mkanda nao fundi wa viatu atakushonea wa ngozi, wenye tundu ncha zote mbili. Kifungo chenyewe ni kichuma kidogo ambacho bei yake haifiki ya seti ya nyuzi. Na ukichukia matokeo, tundu huzibwa kwa kijiti cha mbao na gundi. Alama itabaki, ndiyo. Ni alama yako.

Kuhusu yule mnunuzi asiye na sura: huenda akaja kweli. Maisha ni maisha, kodi huchelewa, hata mimi nimewahi kuuza spika ili nilipe kodi. Akija, atalitazama gita na kutafuta sababu ya kushusha bei. Atataja tundu. Lisipokuwepo atataja nyuzi zilizoshika kutu, au begi, au rangi. Hiyo ndiyo Nairobi, hakuna aliyewahi kununua kitu cha mtu kwa bei ya kwanza. Tofauti ni kwamba wewe utakuwa umelipiga miaka mitatu ukiwa umesimama, na yeye atakuwa amenunua gita ambalo tayari lina pa kufungia mkanda. Elfu moja aliyoipunguza ndiyo kodi uliyolipa kwa miaka hiyo mitatu, na hakuna keja utakayopata kwa kodi hiyo.

Jirani yako ana drili. Mgongee mlango kesho asubuhi, kabla hajaenda kazini.